Waiswa na Sidii za Watu

Habari ilitoka kwa Jepchirchir wa saluni, na Jepchirchir si mtu wa kupunguza. Alikuwa anamsuka Pearl, mtoto Serah amelala kwenye khanga miguuni pa mama yake. Aliacha kusuka, akatazama mlangoni, kisha akasema kwamba Mzee Waiswa wa gemu anaweka vitu vya wafu.

"Boksi nzima, Mama Serah. Iko chini ya ile benchi yake. Ni vitu vya watu walikufa wakati wa vita, na majina yao yameandikwa. Sasa jiulize mbona wateja wamehepa. Mtu atacheza aje na wafu chini ya makalio?"

Pearl akauliza ni nani aliyeona. Jepchirchir alisema jambo likijulikana na mtaa mzima wa Hai Jalaba halihitaji tena mtu wa kuliona. Akavuta nywele hadi macho ya Pearl yakatoa machozi.

"Kama unaona nadanganya, chungulia. Si wewe ndio jirani?"

Kweli Pearl ndiye aliyekuwa jirani. Chumba chake na chumba cha gemu vilitenganishwa na bati moja tu. Mumewe, Edrine, aliendesha gari la maji na alishinda mtoni na barabarani, kwa hiyo sauti za upande wa pili Pearl alizijua kuliko sauti ya mumewe. Alipokuja Juba, miaka mitatu nyuma, bati lile lilikuwa likitetemeka kila goli lilipofungwa, naye akiwa mjamzito alikuwa akiweka mkono tumboni ili mtoto asishtuke. Siku hizi kilichosikika ni redio, na kikohozi cha mzee.

Waiswa alikuwa Msoga wa Kaliro, Uganda, mwembamba, mwenye mvi za kidevuni tu. Kwao jina hilo hupewa pacha anayetangulia kuzaliwa. Mwenzake, Tenywa, alibaki nyumbani analima mahindi. Waiswa alivuka mpaka wa Nimule mwaka 2009 akiwa na mashine moja ya gemu aliyoifunga kwa blanketi kama mtoto mgonjwa, na sidii nne. Alianzia chini ya turubai, akapata chumba, akafikisha mashine sita. Kuna vijana wa Juba, sasa wana ndevu na kazi za benki, ambao ukiwauliza walijifunzia wapi kushindwa bila kupigana, watakutajia benchi la Waiswa.

Mikono yake Pearl aliitazama mara nyingi. Alishika sidii kwa kingo, vidole viwili, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Sidii ikikwaruzika aliipaka dawa ya meno, akaisugua kwa kipande cha fulana kuukuu kuanzia katikati kwenda nje, hakuzungusha hata siku moja. Kisha aliigeuza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, hata kama hakukuwa na mtu anayeisubiri.

Na kwa kweli hakukuwa na mtu. Ng'ambo ya barabara Lemi alikuwa amefungua chumba chenye kiyoyozi na mashine mpya tatu. Mashine hizo hazikuwa na mdomo. Huingizi kitu. Gemu zinashuka zenyewe kutoka hewani, kwa kile kisahani kilicho juu ya paa, na Lemi alizinunua kwa akaunti ya binamu yake wa Nairobi aliyekuwa na kadi. Watoto walihama ndani ya wiki moja. Mmoja alimwambia Waiswa usoni kwamba sidii ni kitu cha babu. Waiswa akamjibu kwamba hata yeye ni babu, basi wanafaana, na akamfungia kamba ya kiatu.

Halafu mwezi wa tisa binamu wa Nairobi akakosana na Lemi juu ya mambo ya familia, akabadilisha neno la siri. Asubuhi mashine tatu ziliwaka zikiwa tupu. Gemu thelathini hazikuwepo tena, na hakuna mtu aliyevunja mlango. Lemi alivuka barabara kuja kuomba sidii, aibu imemjaa. Waiswa alimwonyesha ukuta mzima, akamwambia achague anayoitaka. Lemi alinyoosha mkono, akaurudisha. Angeiingiza wapi? Walicheka wote wawili, kisha wakanywa chai. Baadaye Lemi alifungua akaunti yake mwenyewe, akaanza kununua upya, moja moja, na watoto hawakurudi kwa Waiswa hata wakati ule wa katikati. Walikaa tu nje kwa Lemi wakingoja.

Basi Waiswa akatangaza kwamba Desemba anafunga. Tenywa alikuwa akimwita nyumbani tangu zamani. Mashine alizipatia wanunuzi, na sidii zake aliamua kumpa Isaac bure. Isaac aliendesha boda, na kule Lemon Gaba, pembezoni mwa mji, alikuwa na shamba la mtama ambalo ndege walikuwa wakilimaliza. Alikuwa amesikia kwamba sidii zikitundikwa kwenye kamba zinameta juani, na ndege hawapendi kumetameta.

Siku ya Alhamisi Waiswa alikwenda kugongesha muhuri kwenye karatasi zake za ukaazi, kazi ya kutwa nzima. Alimwachia Pearl ufunguo.

"Isaac atakuja," alisema. "Chini ya benchi iko boksi mbili. Ile ya sidii haina kazi, mpe. Ile ingine usiguse, mama."

Hakusema ipi ni ipi. Kwake jambo lilikuwa wazi kama mlango.

Isaac alipofika, injini ikinguruma nje, Pearl alimfunga Serah mgongoni, akaingia, akapiga magoti. Alikuwa bado anayakumbuka maneno ya saluni. Alivuta boksi la kwanza. Sidii zilikuwa ndani ya makasha yake, zimepangwa, na kila kasha limeandikwa WAISWA kwa wino mwekundu, herufi kubwa zilizonyooka. Alivuta la pili. Humo sidii zilikuwa uchi, zimelazwa kati ya magazeti ya zamani kama sahani zinazohamishwa. Hakuna jina. Juu ya moja mtu alikuwa amechora kuku. Juu ya nyingine jua, nyingine jembe, nyingine ngazi. Nyingine ilikuwa na nukta tatu tu. Pearl aliona ni michezo ya watoto waliopata kalamu.

Alitafuta majina ya wafu katika boksi zote mbili, na hakuyaona. Akasema moyoni, Jepchirchir ni mwongo. Pearl alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na shuleni walifundishwa jambo moja ambalo hakulisahau: chako kiandike jina, kisichoandikwa jina ni cha kuokotwa. Mzee ameandika jina lake kwenye anazozipenda. Hizi nyingine amezifunga kwa magazeti tayari kuchukuliwa na Isaac. Alimkabidhi Isaac boksi la pili, akafunga mlango, akarudi kwenye chapati zake.

Jumamosi mchana alisikia benchi likiburutwa. Kisha hakusikia kitu. Hata redio ilizimwa. Alingoja kikohozi, hakikuja, akaenda kuchungulia.

Waiswa alikuwa amekaa sakafuni, boksi lenye jina lake liko mbele yake. Hakumgombeza. Aliuliza ni lini Isaac alikwenda na lile lingine. Pearl akasema Alhamisi. Mzee akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, leo, kama mtu anayehesabu siku za homa.

"Kesho baada ya misa kijana anakuja kuchukua yake," alisema. "Jumatatu anaenda Bor. Mimi nilimwambia iko."

Hapo ndipo Pearl alipoambiwa boksi lile lilikuwa nini, na alisimulia baadaye kwamba afadhali angegombezwa.

Zamani, kijana wa Juba hakuwa na mashine nyumbani. Lakini wanne au watano waliweza kuchanga wakanunua sidii yao wenyewe, iletwe na basi kutoka Kampala. Sidii hiyo waliiacha kwa Waiswa. Wakija walicheza ya kwao, na hakuna aliyeigusa bila ruhusa yao. Mwanzoni waliandika majina. Kisha ikaja ile Desemba ya 2013, vita vilipoanza. Watu wenye bunduki waliingia chumbani mchana, na mmoja wao, anayejua kusoma, akachukua sidii moja moja na kusoma majina kwa sauti. Huyu anakaa wapi? Na huyu? Katika mji huu jina linataja kabila kabla hujaulizwa. Waiswa aliwajibu kwamba hao wote walikwishahama. Walipoondoka, alichukua spiriti na pamba akafuta majina yote. Vijana waliporudi aliwaambia wachore. Aliyetaka kuku akachora kuku. Wenye sidii ndio walioijua alama yao, na Waiswa, na hakuna mtu mwingine.

Mwaka 2016, risasi ziliporudi, alilala chini ya meza siku tatu. Ya nne alitoka akiwa na boksi lile kichwani, akatembea hadi alipopata lori la kwenda Nimule. Mashine sita na tivii zake aliziacha, na aliporudi hakuzikuta, akaanza upya. Vijana wenyewe walikuwa wametawanyika, wengine kambini Kiryandongo, wengine Kakuma. Wachache walikuwa wamekufa, hapo Jepchirchir hakudanganya. Lakini Waiswa hakujua ni kina nani hasa, kwa hiyo kwake wote walikuwa safarini.

"Si zangu," alisema. "Zangu zinaweza kufukuza ndege. Hizo ni za watu."

Pearl aliuliza kwa sauti ndogo kama hazingeweza kununuliwa nyingine. Alijua ni swali la kipumbavu alipokuwa bado analiuliza. Mzee alisema sidii kama zile haziuzwi tena, na hata zingeuzwa, nani angechora kuku yule?

Simu ya Isaac ilikuwa imezimwa. Walipanda boda nyingine wote watatu, mtoto katikati, jua likiwa bado kali. Hakuna aliyelijua shamba. Walipofika Lemon Gaba, mahali nyumba zinapoanza kuachana, mwenye boda aliuliza akate kulia au kushoto. Ni Pearl aliyeona. Mbali, juu ya mtama, mwanga uliruka, ukazima, ukaruka tena mahali pengine. Kama watu wengi wanaofungua na kufunga madirisha.

Shamba zima lilikuwa linameta. Isaac alikuwa amepitisha kamba katika tundu la kila sidii, akazifunga kwenye fito, na zilizunguka kwa upepo, upande mmoja fedha, upande wa pili kuku, jua, jembe. Isaac mwenyewe aliwapokea kwa furaha. Aliwaonyesha masuke yaliyobaki salama, akasema tangu Alhamisi hakuna hata ndege mmoja aliyetua, Mungu ambariki mzee. Waiswa aliyasifu masuke. Alizunguka naye mistari miwili akiuliza mtama ulipandwa lini, akaketi, akakubali maji. Ndipo alipomweleza.

Isaac alizitazama kamba zake. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana ndege walikuwa wamekaa kwenye miti ya jirani wakitazama.

"Mama huyu ndiye alinipa," alisema, akimwonyesha Pearl kwa kidevu.

"Alikupa kwa kosa langu," Waiswa akasema. "Mimi sikusema ni gani. Kesho nakuletea zangu. Ni nyingi kuliko hizi na iko na jina kubwa, labda ndege wanajua kusoma."

Isaac akacheka, akaleta kisu.

Walikata kamba hadi jua likaanza kulegea. Pearl alishika kila sidii kwa kingo, vidole viwili, alivyokuwa amemwona mzee akifanya, na akagundua kwamba si rahisi, mkono unataka kukamata. Serah mgongoni alikuwa ananyoosha vidole kufuata mwanga. Sidii zilikuwa arobaini na moja. Walipata thelathini na nane. Mbili Isaac alikuwa amempa jirani, wakaenda wakazichukua. Mke wa jirani alikuwa ameshaifanya moja kuwa kifuniko cha gilasi. Ya mwisho, yenye nukta tatu, waliikuta chini ya fito. Mbuzi au mtu alikuwa ameikanyaga, imepasuka vipande viwili.

Pearl alimtazama mzee aone kama ataiacha. Waiswa aliokota vipande vyote viwili, akafuta udongo kwenye suruali, akavilaza kati ya magazeti.

"Hata ilivunjika, ni ya mtu," alisema.

Ya ngazi ilikuwepo, nzima. Ndiyo iliyokuwa inangojewa kesho.

Jumapili yule kijana, Makuach, alikuja akiwa na shati la kanisani, mrefu hadi akainama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na minane alipoondoka. Sasa alikuwa mwalimu wa shule ya kambini Kiryandongo, na kichwa kilikuwa kimeanza kupungua nywele. Alimkumbatia mzee, akauliza kama mabati yale yale ndiyo bado yanavuja. Pearl alikuwa ameleta chai, akataka kutoka, lakini Waiswa alimpa ishara akae.

Hakumpa sidii hivyo hivyo. Alimuuliza kwanza alama yake. Makuach akasema ngazi. Mzee akauliza ina vidaraja vingapi. Makuach akatabasamu, akatazama chini.

"Nne. Tulichanga wanne. Mimi, Deng mdogo, na wale ndugu wawili, watoto wa mama ya chai." Alikunja vidole viwili. "Sasa tuko wawili. Malesh, nisamehe, mzee. Sikukupigia kukuambia."

Waiswa alisema pole, polepole, mara tatu. Kisha akaitoa sidii katikati ya magazeti, akampa kwa mikono miwili.

Makuach aliigeuza. Alipitisha kidole kwenye ngazi, kidaraja kwa kidaraja. Pearl alitaka kujua atachezea wapi, na bila kujizuia akauliza.

"Mashine mafi, hakuna," Makuach alisema, akacheka. "Sina hata tivii, dada yangu. Kambini tunacheza kwa simu. Simu yangu iliibiwa mwaka jana na gemu zote zikaenda nayo, sikujua hata ni nani nimuulize. Lakini hii niliacha kwa mtu, na mtu huyo yuko."

Aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo ili isikwaruzike, akanywa chai yote, akaenda.

Siku hiyo hiyo Isaac alipata boksi lenye herufi nyekundu. Wiki iliyofuata watu wawili wengine walikuja, mmoja wa jua na mmoja wa jembe. Mwenye kuku alipiga simu kutoka Kakuma akasema hawezi kufika, asitupiwe. Jepchirchir aliwaona wakiingia na kutoka, akaja mwenyewe kuuliza, na Pearl akamwambia boksi lile ni la watu walio hai. Jepchirchir akasema basi hilo ndilo alilokuwa analisema tangu mwanzo.

Mashine ya mwisho iliondoka tarehe mbili Desemba. Chumba kilibaki na benchi, redio na boksi moja. Waiswa alikuwa amefunga mfuko wake mmoja, na tiketi ya basi ilikuwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati. Alimwita Pearl kwa kugonga bati, walivyozoea. Pearl aliingia akiwa na Serah mkononi, akidhani ni kuagana.

Mzee alisukuma boksi kwa mguu hadi mbele yake. Zilikuwa zimebaki thelathini na nane, ukiihesabu ile iliyopasuka.

"Mimi naenda, hizi haziwezi kuenda," alisema. "Wenyewe wakirudi, wanarudi Juba. Hawatakuja Kaliro."

Pearl alielewa anakoelekea kabla hajafika. Alimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyezitoa. Katika watu wote wa Hai Jalaba, ndiye aliyezipoteza.

"Ndiyo," Waiswa alisema. "Mwingine bado hajui zinapotea namna gani. Wewe unajua."

Serah alikuwa ameshika tundu la kifungo cha shati la Waiswa na hakutaka kuachia. Mzee alimwacha avute. Akamwambia Pearl kwamba alama zote atamtajia sasa, moja moja, na mwenye kila moja, na yeye azishike kichwani. Pearl alisema kichwa chake si kikubwa hivyo, lakini mwandiko wake ni mzuri, walimu walimsifu. Angechukua kalamu, aandike orodha, isipotee.

Waiswa akatikisa kichwa.

"Mwandiko wako nimeuona kwenye karatasi ya chapati, ni mzuri sana," alisema. "Mama Serah, mimi naomba kitu moja tu. Usiandike."